Mstari wa Arubaini na Moja

Shaame kaondoka Wete na begi moja,
kaenda Maskati kwenye mshahara mzito,
akaniachia mimi programu ya kliniki:
mistari elfu sita na ushei,
maelezo hakuna, ila pahala pamoja kaandika
"Usiguse hapa. Inafanya kazi."

Nikagusa.

Mstari wa arubaini na moja,
baina ya alama mbili za nukuu,
uchi, bila hata mtandio:
mtumiaji, mkuu. Nywila, Raya2009.
Hapo ndipo programu inapobisha hodi kila asubuhi
na hifadhidata ikaitika karibu,
haiulizi nani, haichungulii dirishani.

Na ndani mna nini? Mna watu.
Mna Bi Asaa wa Kinyasini, mimba ya saba, damu haimtoshi.
Mna mume wa mtu, na kipimo ambacho mkewe hana habari nacho.
Mna msichana wa Jadida, miaka kumi na sita,
tarehe tu, na neno moja la daktari.
Wete ni mji wa kujuana.
Siri ikitoka hospitali saa nne,
saa sita iko Bopwe, imeshatiwa chumvi.

Mamangu kompyuta haijui.
Lakini ufunguo wa nyumba haupigilii msumari mlangoni;
anaufunga pindoni mwa kanga, aendako unakwenda.
Na utotoni nikitumwa mchele
nilipewa ufunguo wa stoo, si wa kabati la dhahabu,
na nikirudi tu, mkono mbele: "Lete."
Hakunidhania wizi.
Alijua mtoto huangusha vitu njiani.

Nikamwandikia Shaame: nywila hii nani mwengine anayo?
Akajibu usiku, kwa sauti, kiyoyozi kikivuma nyuma yake:
"Wewe. Mimi. Yule kijana wa mafunzo, Mbarouk, sijui Mbwana.
Na nakala niliyompelekea bwana mmoja Unguja.
Na flashi. Ile flashi, wallahi, sikumbuki."
Kimya. Kisha:
"Raya ni mwanangu. Nikifika kazini naiandika kwanza,
ndiyo ilikuwa salamu yangu kwake."

Nikakaa na hilo kitambo.
Halafu nikalifuta jina.

Ila kulifuta si kulitoa. Historia ya msimbo
ina kumbukumbu kama ya mke mwenza:
ulichosema mwaka juzi kipo, na saa uliyokisema.
Basi usijichoshe kusugua ukuta, badili kitasa.
Nikabadili. Nywila mpya ina herufi thelathini na mbili,
haikuzaliwa mwaka wowote, haina baba Maskati.
Inakaa nje ya msimbo, pembeni kwenye seva,
na programu huiomba pale inapoihitaji.
Na yule mkuu nimemvua kilemba:
wa mapokezi aandike majina, basi,
wa maabara aandike majibu,
na kufuta jedwali zima hana ruhusa mtu, mimi nikiwemo.

Asubuhi, saa mbili kasoro, simu.
Muuguzi Mkasi, wa Konde:
"Mashine imegoma, nina wajawazito kumi na watatu na mvua."
Konde! Kumbe kuna nakala Konde,
tumboni mwake bado yumo Raya.

Nilifika nimelowa mpaka soksi.
Nikatengeneza. Mkasi kasimama nyuma yangu:
"Hiyo nywila mpya ni ipi?"
"Huijui wewe, na mimi siikumbuki."
"Sasa anaijua nani?"
"Programu."
"Aa, tumemwekea jini," akasema, na wale kinamama wakacheka.

Nikageuka kumuaga, ndipo nikaiona:
kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta
kipande cha plasta, plasta ya kidonda,
na juu yake kwa kalamu ya buluu,
kwa mwandiko mzuri wa skuli,
Mkasi123.